Kidonda cha baharini: namna ya kukiosha, kukisoma, na lini kisingojwe

Maji yakipwa wakati wa bamvua, ufuo wa Tanga hujaa watu miambani: wanaotafuta pweza, wanaookota chaza, wanaofunga mwani, na watoto wanaocheza tu. Wengi wako pekupeku au wamevaa kandambili. Jioni yake ndipo vidonda huonekana. Mmoja ana mwiba mweusi unyayoni, mwingine kakatwa kidole na gamba la chaza, anayepara samaki pale soko la samaki la Deep Sea kachomwa kiganjani na mwiba wa tasi, na mara mojamoja kuna aliyekanyaga samaki aina ya taa akachomwa juu ya kifundo cha mguu. Vingi vya vidonda hivi hupona, kwa sababu mwili una kinga ya kuzaliwa nayo ambayo haingoji chanjo wala kidonge. Vichache huharibika, na chanzo huwa mara nyingi ni jambo lililofanywa, au lililoachwa, katika saa sita za mwanzo.

Tutashughulika zaidi na saa hizo sita, kisha siku tatu zinazofuata.

Hesabu inayoamua

Bakteria aina ya Staphylococcus aureus, ambaye ndiye anayesababisha majipu mengi, ana upana wa mikromita 1 hivi. Wakipangwa elfu moja kwa mstari wanafika milimita 1. Tope la chembe za mchanga kwenye mkato linaweza kubeba maelfu yao bila wewe kuona chochote. Wakipata joto, maji na chakula, bakteria wengi hugawanyika kila dakika 20 hadi 30. Chukua dakika 30: bakteria 100 walioingia saa 4 asubuhi, wasipozuiwa, saa 10 jioni wamezidi 400,000. Mwilini hawaachiwi wazidi hivyo kirahisi, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kuosha saa ya kwanza na kuosha usiku baada ya kuuza samaki si kitu kimoja.

Jambo la pili ni kitu kigeni. Mwaka 1957, watafiti Elek na Conen wa Uingereza walichapisha matokeo ya kudunga bakteria hawa kwenye ngozi za watu waliojitolea. Ngozi nzima ilihitaji mamilioni ya bakteria ndipo itoe usaha. Bakteria walipowekwa pamoja na uzi wa kushonea uliobaki ndani ya ngozi, mia chache walitosha. Uzi wenyewe haukuwa na sumu yoyote. Shida ni kwamba bakteria hujibandika juu ya kitu kisicho na damu, hujifunika kwa utando wao wenyewe, na seli nyeupe haziwezi kukimeza kitu kikubwa kuliko zenyewe. Kipande cha mwiba, punje ya mchanga au kigae cha gamba hufanya kazi ileile ya uzi ule.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina lengo moja kati ya mawili: kupunguza idadi ya bakteria, au kutoa kitu kigeni. Yanayobaki seli zako zinaweza.

Mwili unavyopokea kidonda

Ngozi nzima ndiyo kizuizi cha kwanza. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, kavu, zilizojaa keratini, na uso wake una tindikali kidogo, pH ya karibu 5, hali isiyowafaa bakteria wengi wageni. Ngozi iliyoloweka maji ya chumvi kwa saa nyingi hulainika na kuchubuka kwa kitu kidogo tu. Mfunga mwani hukatwa na kamba ambayo mkono mkavu usingeihisi.

Ngozi ikikatika, chembe za kugandisha damu huanza kushikamana ndani ya sekunde. Seli za masti zilizo kando ya mishipa midogo humwaga histamini. Mishipa hutanuka, kuta zake zinalegea, maji na protini za damu zinaingia kwenye nyama. Joto, uvimbe, maumivu na mabadiliko ya rangi ya ngozi vinatokana na hapo. Watu wengi huona uvimbe wa siku ya kwanza wakakimbilia duka la dawa, wakati hiyo ni barabara tu inafunguliwa ili seli zipite.

Nani anatoa taarifa? Makrofaji, seli kubwa zinazoishi ndani ya ngozi muda wote. Hazihitaji kuwa zimewahi kumwona bakteria huyo. Zina vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo bakteria anavyo na binadamu hana: kipokezi TLR4 hushika lipopolisakaridi ya ukuta wa nje wa bakteria wa Gram hasi (kundi lenye ukuta mwembamba), mfano Vibrio wa maji ya chumvi; TLR2 hushika lipoprotini za Gram chanya (kundi lenye ukuta mnene), mfano Staphylococcus; TLR5 hushika protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao. Kwa ugunduzi wa namna kinga hii inavyowashwa, Bruce Beutler na Jules Hoffmann walipata nusu ya tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011.

Wakati huohuo kuna protini za komplementi, ambazo ziko tayari ndani ya damu. Kipande chake kiitwacho C3b hujibandika juu ya bakteria na kumfanya amezeke. Kingine, C5a, husambaa na kuwaita nutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Protini za mwisho wa mnyororo huo hutoboa matundu kwenye utando wa bakteria wa Gram hasi. Gram chanya wana ukuta mnene usiotoboka hivyo. Hao ni lazima wamezwe.

Wamezaji wakuu ni nutrofili. Uboho wa mtu mzima hutengeneza kama bilioni 100 kwa siku. Hufika kwenye kidonda ndani ya saa za mwanzo na huwa wengi zaidi katika siku ya kwanza. Nutrofili akishameza bakteria, hutumia oksijeni kwa wingi ghafla na kutengeneza asidi ya hipoklorasi, ya jamii ileile ya klorini iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo. Enzaimu inayofanya kazi hiyo ina rangi ya kijani, ndiyo inayoupa usaha ukijanikijani wake. Usaha wenyewe ni nutrofili waliokufa kazini, bakteria na nyama iliyoyeyuka. Siku ya pili na ya tatu huingia monositi kutoka kwenye damu, wanageuka kuwa makrofaji, na hao husafisha maiti na kuanzisha kazi ya kujenga nyama mpya.

Anayetaka kuona chanzo cha elimu hii, kilitoka baharini na kilihusu mwiba. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff aliwachoma viluwiluwi vya kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), ambavyo miili yao huona ndani, kwa miiba midogo ya mti. Kesho yake asubuhi akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba. Mnyama yule hana damu kama yetu wala mishipa, na bado seli zilikwenda. Mwaka 1908 alipewa Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ya kukumbuka unapofunga kidonda. Nutrofili wanahitaji oksijeni, kwa hiyo kamba au kitambaa kilichokazwa mpaka vidole vikafa ganzi kinawanyima silaha. Na kemikali zao zinaunguza pia nyama yako, kwa hiyo ukimwaga kemikali nyingine juu yake unaongeza uharibifu, huongezi nguvu.

Ukichomwa na chenye sumu, maji ya moto kwanza

Taa, tasi, ngogo na samaki wanaofanana na jiwe wana sumu kwenye miiba yao. Sumu hiyo ni ya protini na joto huivuruga. Toka majini, bana panapovuja damu, kisha tumbukiza mguu au mkono kwenye maji ya joto la nyuzi 42 hadi 45 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 90, mpaka maumivu yalegee.

Bila kipimajoto: lita 1 ya maji yanayochemka kwa lita 3 za maji ya bomba. Maji ya bomba ya Tanga huwa karibu nyuzi 28, mchanganyiko huo unatoa kama 45 ukiuweka kwenye beseni la plastiki. Jaribu kwa mkono mzima wa mtu mwingine, si kwa mguu ulioumia. Mwenye maumivu makali hahisi anaungua, na kuna walioharibika zaidi kwa malengelenge ya moto kuliko kwa sumu yenyewe. Yakipoa, toa mguu kwanza, ndipo uongeze ya moto.

Joto hili halisafishi kidonda. Bakteria wengi hawadhuriki kwa nyuzi 45 za nusu saa. Maumivu yakiisha watu husahau kuosha, kisha siku ya tatu wanashangaa.

Mwiba wa taa ukiwa umezama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Uache, uzuie usitikisike, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Kuosha

Hapa ndipo penye kazi. Kama damu inatoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo, bila kufunuafunua kuangalia. Kila ukifunua unabomoa donge linaloundwa. Nawa mikono yako kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha ngozi iliyokizunguka kidonda kwa sabuni ya kawaida, lakini sabuni isiingie ndani.

Maji ya kuoshea ndani yawe yale unayoweza kuyanywa. Maji ya bomba safi au yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali hazikuona vidonda vya maji ya bomba vikioza zaidi. Ukitaka maji ya chumvi ili yasiwashe, chemsha lita 1 na chumvi gramu 9, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kufutwa juu kisichorundika. Ukizidisha yatawasha na kunyonya maji kwenye seli.

Sasa neno juu ya maji ya bahari, maana ufuoni kila mtu atakwambia yanaponya. Bahari ina chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, karibu mara nne ya kiwango cha mwili. Ina mchanga. Na ina Vibrio, hasa pale maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari na kupata uvuguvugu, kama midomo ya Pangani na Zigi. Ukiwa huko miambani huna maji mengine, bora ufunge kwa kitambaa safi na urudi nchi kavu kuliko kuosha kwa maji ya kidimbwi.

Kiasi cha maji: mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita 1 ya urefu wa kidonda. Mkato wa sentimita 4 unataka mpaka mililita 400, karibu chupa nzima ya maji ya nusu lita. Watu wengi humwagia kikombe kimoja wakadhani wameosha. Tena maji yawe na msukumo. Kumiminia tu hakung'oi bakteria waliojibandika, na msukumo mkali mno unawasukumia ndani. Kwenye zahanati hutumia bomba la sindano la mililita 30 hadi 60 lenye sindano au kanula ya geji 18. Nyumbani, chukua chupa ya plastiki ya maji, toboa kifuniko tundu moja dogo kwa sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto, jaza maji uliyoyaandaa, ubinye kwa mikono miwili ukiwa umbali wa sentimita 3 hadi 5. Inua ngozi iliyofunika mkato, maji yapite chini yake. Anayeosha avae miwani au ageuze uso, maji hayo hurudi.

Utajua umefika mwisho ukiona maji yanayotoka hayana punje wala rangi ya tope, na sehemu ya ndani ya kidonda inaonekana yote. Punje zilizobaki ziondoe kwa kona ya shashi iliyoloweshwa, bila kusugua mpaka itoke damu upya.

Tundu la mwiba ni gumu kuliko mkato, maana mdomo wake ni mdogo na bakteria wako chini. Usilikoroge kwa sindano. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni dakika 15, osha mdomo wake kwa msukumo, usilizibe, na uliangalie kila siku.

Miiba

Miiba mirefu myeusi ya yule mnyama wa miambani anayefanana na nungu ni ya chokaa, inavunjika ukiigusa vibaya. Inayoonekana kichwa ivute kwa kibanio cha kung'olea nyusi kilichochemshwa dakika 10, kwa mstari uleule ulioingilia. Ukikipinda tu, nusu inabaki. Vipande vidogo vilivyo juujuu kwenye unyayo mara nyingi huyeyuka au husukumwa nje vyenyewe kwa siku au wiki kadhaa. Doa jeusi peke yake si lazima liwe mwiba: ni rangi ya mwiba iliyobaki, na hufifia ndani ya siku mbili au tatu. Doa lisilofifia, na panauma ukikanyaga, kuna kipande.

Kuponda unyayo kwa jiwe au chupa ili mwiba "usagike" kunaacha vipande kumi badala ya kimoja, pamoja na nyama iliyokufa ambayo bakteria wanaipenda. Utomvu wa papai bichi nao una enzaimu inayoyeyusha protini. Mwiba ni chokaa, ngozi ndiyo protini. Fikiria mwenyewe kitakachoyeyuka.

Mwiba ulio karibu na kiungo cha kidole, kwenye goti au kifundo, usihangaike nao nyumbani. Ukiingia kwenye kiungo huleta uvimbe wa muda mrefu, na utahitaji picha ya eksirei. Mwambie mtoa huduma kwamba ni mwiba wa baharini ili aitafute chokaa.

Visivyowekwa

Spiriti, dawa ya klorini, maji ya oksijeni yanayotoa povu (hidrojeni peroksaidi) na ayodini isiyozimuliwa vinaua bakteria, kweli, lakini vinaua pia nutrofili na seli zinazojenga nyama. Mahali pake ni ngozi ya pembeni. Majivu, kahawa, tumbaku, dawa ya meno na mafuta ya taa ni vitu kigeni, rejea ule uzi wa 1957. Unga wa kapsuli za rangi mbili unaomwagwa juu ya kidonda ni kitu kigeni pia: hukauka ukawa gamba, hufungia usaha chini, na dozi yake haijulikani, hivyo wanaobaki ni bakteria waliozoea dawa.

Kufunika, na kutoshona haraka

Paka safu nyembamba ya mafuta ya mgando safi, weka shashi, funga kwa bandeji ambayo kidole chako kinapita chini yake bila shida. Badilisha kila siku, au mapema ikilowa. Ikigandia usiinyofoe; ilowanishe kwa maji safi mpaka iachie. Inua mguu juu ya usawa wa moyo ukilala siku mbili za kwanza, uvimbe unapungua na damu yenye oksijeni inapita vizuri zaidi.

Anayefanya kazi majini asirudi majini mpaka kidonda kifunge. Tunajua ushauri huu una gharama kwa anayekula kwa kutwa. Kama hakuna budi, afanye kazi ya nchi kavu: kuanika, kupanga, kuuza.

Usigundishe kidonda cha baharini kwa gundi wala plasta ya kubana. Mkato mkubwa uliochafuka mara nyingi huachwa wazi hospitalini kwa makusudi, unaoshwa na kufunikwa, halafu hushonwa siku ya nne au ya tano. Kufikia hapo makrofaji wamekwisha kusafisha, na mtaalamu anaona kama kuna usaha au hakuna. Si kwamba wamekupuuza.

Kukisoma kidonda

Chukua kalamu ya wino, zungushia mstari ukingo wa uvimbe, andika saa pembeni. Angalia asubuhi, mchana na usiku. Mwitikio wa kawaida huongezeka mpaka saa 24 hadi 48, unabaki karibu na kidonda, kisha siku ya tatu unaanza kurudi ndani ya mstari na maumivu yanapungua. Majimaji meupe au ya njano mepesi yasiyonuka ni ya kawaida.

Vitabu vingi husema utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na wengi huchelewa kwa kuungoja. Tumia mgongo wa mkono wako kulinganisha joto la mguu huu na ule. Tazama kama ngozi imekaza na kung'aa, kama mikunjo yake imepotea, kama rangi imegeuka kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi ya kawaida. Bonyeza kwa kidole: maumivu yamefika wapi kuliko jana?

Kinga imezidiwa ukiona uvimbe umevuka mstari baada ya siku ya pili, usaha mzito unaonuka, homa ya nyuzi 38 na zaidi, mstari wa maumivu unaopanda juu ya mguu au mkono, au mtoki kinenani au kwapani. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Homa isikufanye ulaumu kidonda peke yake. Huku pwani pima na malaria, unaweza kuwa na vyote viwili. Paracetamol ya miligramu 1000 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, inamfaa mtu mzima mwenye ini zima. Lakini usiinywe ili uone kama homa "imeisha", imefunikwa tu.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Maumivu makali kupita ukubwa wa kidonda, malengelenge yenye maji ya zambarau au meusi, ngozi inayokufa ganzi, mtu anayechanganyikiwa au kuhema haraka: hizo ni hospitali mara moja, hata usiku. Vibrio vulnificus anaweza kuharibu mguu ndani ya siku moja, hasa kwa mwenye ugonjwa wa ini, awe ameupata kwa homa ya ini B au kwa pombe. Mwenye ini bovu asingoje dalili. Akikatwa baharini aende akaonwe siku hiyo. Vivyo hivyo mwenye kisukari: sukari nyingi inawadumaza nutrofili, na miguu yake huenda haisikii maumivu, hivyo kipimo kikuu cha hapo juu hakimfai. Anayeishi na VVU bila dawa, na anayetumia dawa za steroidi, nao waende mapema.

Wanaochelewa kujitokeza

Anayepara samaki akiona kidole kimevimba chenye rangi ya zambarau, kinauma na kuwasha, bila usaha, siku 2 hadi 7 baada ya kuchomwa, afikirie Erysipelothrix, bakteria wa ute wa samaki. Penisilini humtibu vizuri.

Uvimbe mgumu usiouma sana unaotokea wiki mbili au zaidi baadaye, wakati mwingine ukipanda kwa vinundu kwenye mkono, huenda ni Mycobacterium marinum, ndugu wa kifua kikuu. Huyu hupenda nyuzi 30 hadi 33, ndiyo maana hukaa kwenye mikono na miguu, sehemu za mwili zilizo baridi kidogo. Makrofaji humeza lakini hashindwi humo ndani, anaishi. Amoksilini ya dukani haimgusi, na tiba yake ni ya miezi.

Na pepopunda. Huyu kinga ya kuzaliwa nayo haimwezi kabisa, tena haitoi hata ishara. Mbegu za Clostridium tetani huota kwenye nyama iliyokufa isiyo na oksijeni, chini ya tundu dogo la mwiba, na sumu yao hutosha kuua kwa kiasi kisichoamsha uvimbe wala usaha. Kidonda kinaweza kuwa kimekauka, na dalili huja kwa kawaida kati ya siku 3 na 21: taya kukaza, shingo, kisha mwili mzima. Chanjo peke yake ndiyo kinga. Kwa kidonda kichafu, kama dozi ya mwisho imepita miaka 5, pata nyingine. Kwa kidonda kidogo kisafi, miaka 10. Watoto huchanjwa na wajawazito huchanjwa. Mvuvi mwanamume wa miaka 40 mara nyingi hana kumbukumbu ya dozi yoyote tangu utotoni, na aseme hivyo bila aibu, maana asiyekamilisha dozi tatu huhitaji kuanza ratiba, na kidonda kikiwa kichafu huongezewa kingamwili zilizo tayari.

Ukifika kituoni

Sema mambo manne kabla hujaulizwa: kilichokuchoma, kama ilikuwa kwenye maji ya chumvi au mdomoni mwa mto, saa ilipotokea, na ulichokwisha kupaka au kumeza. Neno "baharini" linabadilisha dawa. Vidonge vinavyotolewa kwa jipu la kawaida mara nyingi havitoshi kwa Vibrio, ambaye hutibiwa kwa doksisaiklini pamoja na sindano kama seftriaksoni, na daktari wa hospitali ya Bombo, Tanga, asipoambiwa hawezi kuisoma bahari kwenye kidonda kilichooshwa.

Ukipimwa picha kamili ya damu, nutrofili wakiwa juu ni jambo linalotarajiwa siku za mwanzo. Wakionekana chini kidogo ya kiwango kilichochapwa kwenye karatasi, isikutishe papo hapo. Waafrika wengi hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu zao, na watu hao kwa kawaida huwa na nutrofili wachache kwenye damu bila kuwa wagonjwa. Viwango vingi vya kwenye karatasi vilitungwa kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani. Muulize daktari alinganishe na kipimo chako cha zamani, kama unacho, kwa hiyo karatasi za vipimo zitunze kwenye mfuko mkavu, mbali na unyevu wa pwani.